Utani Kwenye Msiba wa Maganga

Shamba la mkonge, ng'ambo ya mto, njia ya Mwera
Jumapili, Mfunguo Tano, 1957

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, Baba. Mimi mwanao ni mzima wa mwili, lakini kabla sijasema neno jingine nataka nikuulize wewe. Kile kikohozi cha Mama kimekwisha, au bado anakificha kwa upindo wa kanga? Bibi anaamka mwenyewe kwenda kutawadha? Na mkono wako wa cherehani, ule uliokuwa ukifa ganzi, siku hizi unashika sindano? Tafadhali usinijibu "hatujambo sote". Nataka mmoja mmoja, kwa jina lake. Huku nimejifunza kuiogopa hiyo "hatujambo sote".

Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva wa lori la katani, nikaisoma mpaka mikunjo yake ikaanza kuchanika. Hii yangu nakuomba uisome peke yako kwanza, ndani, si pale barazani penye mashine yako ambapo kila apitaye huuliza "Mwanaidi kasemaje?" Humu mna mambo ninayaonea haya. Ukimaliza, wewe ndiye utakayeamua Mama aambiwe lipi.

Baba, nina hasira. Unanijua nilivyo. Mimi ndiye yule mliyekuwa mkimtuma dukani akarudi mikono mitupu kwa sababu dukani palikuwa na watu. Darasani mwalimu aliniuliza kwa Kiingereza, jibu ninalo, likakaa mdomoni mpaka kengele ikalia. Hasira hii ya sasa haikubali kukaa mdomoni, na huku sina wa kumpa. Ndiyo maana nimefunga mlango wa zahanati baada ya sala ya adhuhuri nikakaa na kalamu.

Unakumbuka Mjomba Athumani alivyoniomba kwako. Alisema yeye ni dresa mwenye mkono mwepesi wa kufunga vidonda, ila daftari la wagonjwa la shamba hili linaandikwa Kiingereza, na Kiingereza chake kinaishia kwenye majina ya dawa. Nikaja, nikawa mwandishi wake. Yeye anamtazama mgonjwa, mimi naandika. Kazi ilinifaa, maana daftari halikutazami usoni.

Homa ya mafua ilituingia kwa lori. Waliletwa watu wapya wa kukata mkonge kutoka bara, na watatu kati yao walishuka wameshikiliwa makwapani. Mjomba akawatazama macho mekundu, akasikiliza vifua vyao, akaenda moja kwa moja kwa Meneja. Watu wa kambi wanamwita Meneja huyu Bwana Saa Kumi, kwa sababu kengele ya kuitwa majina hulia saa kumi alfajiri na yeye hajaikosa hata siku moja. Mjomba akamwomba wale wageni wote walazwe kwenye ghala la zamani siku kumi, wapelekewe chakula, wasichanganyike na wenzao. Nilikuwepo, nimekumbatia daftari. Meneja alimsikiliza huku akimwangalia viatu, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha amri:

"Hapana taka maneno ya homa hapa. Watu nasikia, watu nakimbia. Wewe toa dawa. Andika malaria."

Mjomba akasema, "Bwana, malaria haina chafya."

"Andika malaria."

Basi nikaandika malaria. Nataka ulione neno hilo, Baba, kwa mkono uleule ulioufundisha kushika kalamu. Siku ya kwanza mara tatu, kesho yake mara saba, wiki iliyofuata ukurasa mzima, juu mpaka chini, herufi zimenyooka kama mshono wako. Mtu anakohoa mpaka ananishikilia meza yangu, nami naandika malaria. Mjomba alikuwa akisimama nyuma yangu, nami sikugeuka.

Na kila alfajiri kengele inalia. Watu mia kadhaa wanatoka gizani kujipanga bega kwa bega wasubiri majina yao, mwenye homa na asiye nayo, wakipumuliana shingoni. Asiyesimama hatiwi alama ya siku kwenye kipande chake, kadi ya kuhesabia mshahara, na mnyapara anatumwa kumtoa kitandani. Kama ungetaka kuugawa ugonjwa kwa haki, kila mtu apate fungu lake, usingebuni njia bora zaidi.

Mjomba hufungia vidonge kwa magazeti ya Kiingereza yanayotoka nyumbani kwa Meneja. Nikawa nayasoma kabla sijayakata. Ndipo nilipojua kwamba homa hii haikuwa yetu peke yetu, imetoka mashariki ya mbali na inazunguka dunia kwa meli na gari moshi. Gazeti moja lilisema kuna miji ambako wakubwa waliwaambia watu wazi, wakafunga shule. Kwingine wakubwa walisema ni mafua ya kila mwaka, watu waendelee na kazi. Nikadhani tofauti ni utajiri tu, kwamba mwenye nacho anajikinga. Halafu barua yako ikafika, nayo ikanivuruga, maana kwetu Moa hakuna zahanati wala dresa wala kabati la dawa.

Niliwasomea watu barua yako. Usinikasirikie. Ilikuwa jioni kwenye tangi la maji, wanawake wako foleni na ndoo zao, na mwenzangu mmoja anaitwa Mama Kalunde akauliza kwetu hali ikoje. Yeye ni Mnyamwezi, mke wa Maganga mkata mkonge, na mtoto wao Kalunde alikuwa na miaka minne. Nikaona ni rahisi kusoma kuliko kusema. Nikasoma pale ulipoandika jinsi mlivyokaa baada ya alasiri siku tatu mfululizo, watu wa bandarini wakitaka hivi na watu wa mashamba vile, mpaka mkakubaliana kwamba atokaye Mombasa akae kwanza kwenye vibanda vya chumvi siku saba, na kwamba mgonjwa azuriwe kwa kusimama dirishani, chakula kiachwe kizingitini. Nikasoma na pale ulipoandika kuwa mmemzika bibi mmoja tu.

"Nani alitoa amri?" Mama Kalunde akauliza.

"Hakuna. Walikaa wakakubaliana."

"Siku tatu?"

"Siku tatu. Baba anasema Mzee Chande alitupa kofia yake chini akaondoka, kesho yake akarudi kuichukua, ndipo akabaki kuzungumza."

Watu wakacheka. Alikuwepo Mzee Mbwana, Mzigua wa Mkwaja, mpishi wa uji wa wakata mkonge. Mimi namwita Babu. Akasema, "Ninyi Wanyamwezi mkikaa siku tatu mtamaliza ugoro wote na hamjakubaliana hata pa kukaa."

Maganga mwenyewe alikuwa amekaa juu ya jiwe, kashika kifua. Alikuwa ameanza kukohoa siku ileile. Akamjibu, "Na ninyi Wazigua mngekubaliana siku ya kwanza. Siku ya pili mngemwuza mwenyekiti."

Wakacheka tena, unajua Wazigua na Wanyamwezi walivyo watani wa tangu misafara. Kicheko kilipokwisha Mama Kalunde akauliza, bila mzaha, "Na sisi hapa nani atatuita tukae?" Kila mtu akaangalia ndoo yake.

Wiki ile Mjomba akaugua. Nikabaki peke yangu na kabati la dawa. Maganga alisimama kwenye majina alfajiri tatu akiwa na homa, mnyapara akimwambia, "Simama tu uitwe, halafu utajua mwenyewe." Siku ya nne alianguka palepale kwenye mstari. Alitiwa alama ya siku ile, maana alianguka baada ya jina lake kuitwa. Siku mbili baadaye alifariki, nami nikaandika malaria.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, Baba. Nimekunywa maji mara mbili kabla ya kuliandika.

Siku ya msiba, watu walikuwa wamejaa uani mbele ya chumba cha Maganga, maiti bado imo ndani. Mzee Mbwana, kama mtani, alikuwa amechukua kofia ya ukili ya marehemu akaivaa, akachukua na kisu chake cha kukatia mkonge, akajilaza kizingitini. Hatoki mtu hapa kuzikwa mpaka mtani alipwe, alisema. Wanyamwezi wanambembeleza, yeye anawatukana, na waliokuwa wakilia wakawa wanacheka huku wanalia, kama inavyokuwa. Wakati huohuo gari likaingia. Alikuwa Meneja, na pamoja naye kijana wa Kizungu mwenye mkoba wa ngozi. Alikuwa daktari wa serikali. Uvumi wa kambi yetu ulikuwa umevuka mto, naye ametumwa aje kuona. Alikuwa mgeni nchini, Kiswahili hajui.

Babu alipomwona Meneja hakuinuka. Alisubiri mpaka amefika karibu, ndipo akasimama taratibu, akanyoosha mikono ubavuni kama wanavyosimama alfajiri, akaita kwa sauti ya Maganga, yaani sauti yake hasa, ile ya puani:

"Maganga nipo, Bwana. Nimekufa, lakini nipo. Nitie alama. Mwenzangu huyu nyuma naye anakufa kesho, mtie kabisa ya kesho usije ukasumbuka. Kifua kimeungua, Bwana, ila nimeambiwa ni malaria, nami sibishani na daftari. Nisimame wapi? Karibu na nani? Huyu bado hajaambukizwa, niweke karibu naye."

Watu waliangua kicheko ambacho sijapata kukisikia, Baba. Mama Kalunde alikuwa ameketi chini, naye alicheka, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Meneja alikielewa kila kitu. Nilimwona shingo ikibadilika rangi. Daktari akauliza kwa lugha yao yule mzee anasema nini. Meneja akaanza kumjibu, lakini daktari akasema la, angependa kumsikia mwenyeji. Hakuna anayejua Kiingereza? Watu wote wakanigeukia mimi.

Nilikwenda mbele. Meneja alinitazama akitabasamu, kama mtu anavyomtabasamia mtoto wa jirani. Kizingitini Babu amesimama na kisu cha maiti mkononi. Nikafikiri, nikisema alivyosema watamfunga. Nikafikiri, Mjomba yu kitandani mwa nyumba ya shamba, watamtupa nje na homa yake. Hizo ndizo sababu nilizojipa baadaye. Kweli yenyewe ni kwamba watu wengi walikuwa wakinitazama, nami nikataka yaishe. Nikamwambia daktari kwa Kiingereza safi, kile mlichokilipia ada kwa kushona mpaka usiku, kwamba ni mila yetu, watu hawa hufanya mzaha na maiti, maneno yenyewe hayana maana.

Akaniuliza tena, "Hayana maana kabisa?"

"Hayana, bwana."

Hakuwa mtu mbaya, Baba. Aliniuliza mara mbili. Akacheka kidogo kwa heshima, akavua kofia kwa ajili ya maiti, akaenda zahanati. Akafungua daftari, akakuta malaria, malaria, malaria, akauliza nani ameandika. Nikasema ni mimi. Akanisifu kwa mwandiko. Akaacha makopo mawili ya vidonge vya malaria, wakapanda gari na Meneja, wakaenda kunywa chai.

Jioni Babu alikuja dirishani.

"Ulimwambiaje yule kijana?"

"Nilimwambia ni utani, Babu."

"Si ni utani kweli."

"Ndiyo."

"Akacheka?"

"Alicheka."

Akatikisa kichwa. "Basi utani wangu umeharibika. Utani ukimfurahisha mwenye kosa, umeharibika." Kisha akaniuliza Mjomba ameweza kula, akaniachia bakuli la uji, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Baada ya siku ile tuliwazika watano. Nawajua kwa majina na vyumba vyao. Wa tatu alikuwa Kalunde. Mama yake alimleta zahanati mgongoni, nikampa nilichokuwa nacho, yaani vidonge vya ugonjwa asiokuwa nao. Alikuwa akinishika kidole hiki cha wino. Baba, sitaki kuandika zaidi juu ya mtoto yule.

Kwenu palikuwa na nini ambacho hapa hapakuwapo? Dawa tulikuwa nazo. Gari lipo, ghala tupu lipo, daktari yuko mwendo wa asubuhi moja, mwenye ujuzi tunaye, tena alisema mapema, siku ileile lori liliposhuka. Tulichokosa ni mahali ambapo mtu anaweza kumwambia mkubwa "umekosea" na kesho akaamka kwake. Kwenu Mzee Chande anatupa kofia na anarudi kuichukua. Hapa hakuna pa kutupia kofia. Neno la mtu mmoja likishatoka ndiyo hali ya afya ya kambi nzima, na ukweli hauna njia ya kumfikia mwenye madaraka ila kwa mdomo wa mtani kwenye msiba, na hapo napo kati yake na serikali anasimama msichana wa miaka kumi na sita anayeogopa hata kuulizwa jina. Huo ni utawala gani? Nani aliupanga hivyo, na nani aliulizwa? Mnyapara hakuchaguliwa na mtu. Meneja hakuchaguliwa na mtu. Hata daktari hakuchagua kuja na Meneja, ila gari lilikuwa la Meneja. Mimi pia sikuchaguliwa. Wanasema nchi fulani zimepona kwa sababu ni tajiri. Nimeona kwa macho yangu shamba tajiri likishindwa na kijiji cha wachoma chumvi.

Siku ya nne baada ya Kalunde, mama yake alikuja zahanati. Hakuwa mgonjwa. Akasimama mbele ya meza.

"Kalamu unayo?"

"Ninayo, Mama Kalunde."

"Basi tukae, kama watu wa kwenu. Siku tatu hatuna. Tukae hata Jumapili moja."

Tulikaa kwenye tangi la maji, wanaume wamebeba ndoo ili mnyapara akipita aone watu wanateka maji. Alipita mara tatu, na mara ya tatu akasema, "Maji gani haya yasiyojaa?" Babu akamjibu tangi linakohoa. Kuna waliotaka tuombe dawa tu. Kuna waliosema dawa bure, kwanza kengele ya saa kumi inyamaze. Mmoja, Mhehe mrefu, akasema tunajiponza, akachukua ndoo yake akaenda, na hakurudi kama Mzee Chande. Wengine wakataka iandikwe bila majina. Babu akasema barua isiyo na jina ni sawa na ushuzi, kila mtu anausikia na hakuna mwenyewe. Wakacheka, wakakubali majina.

Nikawa nimefungua karatasi. Kalamu ikakataa. Nikasimama, Baba, mimi, mbele ya watu kama arobaini, nikawaambia. Nikawaambia daktari aliniuliza nini na mimi nilimjibu nini, mara zote mbili. Nikawaambia malaria yote ile niliiandika mimi. Nilisema nimeshika bomba la tangi.

Mwanamume mmoja akatema mate pembeni. Mama Kalunde alikuwa akitazama mikono yake. Kisha akasema, "Endelea kuandika."

Nikaandika kwa Kiswahili wakisikiliza, nikaigeuza Kiingereza, nikawasomea zote mbili. Maneno ya Babu ya mlangoni tuliyaweka kama alivyoyasema, pamoja na kisu na kofia. Akataka yabaki. Wakatia dole gumba mmoja mmoja kwa wino wangu. Mama Kalunde aliipeleka mwenyewe, kwa miguu hadi kivukoni na ng'ambo ya pili, akamkabidhi daktari mkononi.

Daktari alirudi siku ya pili yake, safari hii kwa gari lake. Alifungua kinywa cha mtu mmoja mmoja. Kengele ya alfajiri imenyamaza wiki mbili sasa. Wagonjwa wamelazwa ghala la zamani, madirisha wazi, ghala lilelile la Mjomba, na tangu hapo tumezika mmoja tu. Mjomba ameinuka, ingawa akitembea anashika ukuta. Mimi daktari hakunisifu tena kwa kitu. Alifungua daftari, akanitazama, akalifunga. Sikuinamisha macho, lakini usidhani ni ujasiri, yalikuwa yamechoka tu.

Ungefikiri yameishia hapo. Alhamisi wakaja askari wawili kutoka bomani wakamchukua Mzee Mbwana. Wanasema alichochea wafanyakazi na alimtishia Meneja kwa kisu mbele ya maiti. Alipopanda gari aliwauliza askari kama wao leo wametiwa alama. Na Mjomba amepewa barua ya kuachishwa kazi, atoke kwenye nyumba mwisho wa mwezi. Serikali ni moja, Baba. Mkono mmoja umemsikiliza Babu ukatutibu, mkono wa pili umemkamata kwa maneno yaleyale. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeulizwa na mkono wowote.

Kesi ni Jumanne. Mjomba amenisihi nikae kimya. Anasema nikiitwa niseme mimi ni kalamu tu, niliandika nilichoambiwa. Anasema msichana wa watu hasimami mahakamani, kwamba wewe Baba utamlaumu yeye, na jina lako Moa ni safi. Naye nimemwelewa, maana amepoteza kazi na bado anahofia jina lako. Lakini nilikwisha kuwa kalamu tu, kurasa nne nzima, na matunda yake niliyabeba kwa mikono yangu mpaka makaburini. Jumanne nitavuka na Mama Kalunde na wengine waliokubali. Nitasema kisu kilikuwa cha maiti na utani ulikuwa wa haki ya mtani, na kwamba kila alichosema kilikuwa kweli. Nitasema mtu wa kwanza kumdanganya daktari katika kambi hii ni mimi, na aliyeyaandika maneno ya Babu kwa Kiingereza yaifikie serikali ni mimi vilevile. Nitasema kwa lugha zote mbili ili asiwepo wa kunitafsiria. Kama ni uchochezi, wajue nani alishika kalamu.

Nisalimie Mama, umwambie kanga aliyonipa ndiyo nitakayovaa Jumanne. Nisalimie Bibi, umshikie mikono kwa niaba yangu. Kaka Bakari, anayenishonea mkoba kwa vipande vyako, mwambie nimeshapata sababu ya kuutumia. Salamu kwa shangazi wa kwa mwadhini, na kwa mwalimu wangu wa darasa la saba, yule aliyekuwa akingoja jibu langu mpaka kengele ilie. Na Mzee Chande umpe mkono. Usimwambie kwa nini.

Barua hii itapanda lori la kesho, na itakapofika kwako Jumanne itakuwa imepita na nitakuwa nimeshasema. Kwa hiyo ruhusa siwezi kukuomba, Baba. Nakuomba radhi.

Ni mimi binti yako,
Mwanaidi